Kabla ya Kununua Kopo Jingine la Mafuta

Duka la vipodozi la Kariakoo halina nafasi ya kugeuka. Rafu zimepanda hadi darini, makopo yamebanana, na kila moja lina picha ya mwanamke mwenye nywele zinazoteleza mpaka mabegani. Muuzaji hana muda wa hadithi. "Dada yangu, unataka ya kukuza, ya kujaza au ya kulainisha?" Mteja anatazama juu, anatazama chini, kisha anasema: "Nipe ile anayopaka wifi yangu, ina kopo la kijani." Makopo ya kijani yamejaa rafu nzima. Anaondoka na lililo karibu, na mwezi haujaisha linaungana na wenzake juu ya kabati: moja limetumika nusu, jingine robo, jingine lilifunguliwa siku moja likanuswa tu.

Hali ni hiyohiyo Dubois Road jijini Nairobi na Darajani, Unguja. Fedha inayoteketea hapo si haba, na lawama si ya muuzaji peke yake. Wanunuzi wengi wanazijua nywele za wifi zao na za mabinti wa kwenye tamthilia kuliko wanavyozijua zao.

Kutojua huko kuna chanzo. Katika shule nyingi za serikali nchini Tanzania msichana hukata nywele zote miaka yote ya masomo, na Kenya nako zipo shule zenye amri ya namna hiyo. Mtihani wa kidato cha nne ukipita, nywele zinaachiwa. Zikifika urefu wa vidole viwili zinapelekwa saluni kutiwa dawa, au zinafichwa ndani ya rasta. Hivyo mwanamke anaweza kufika miaka thelathini bila kukaa na nywele zake kama zilivyo hata msimu mmoja, akaona zinakauka saa ngapi, zinakunywa maji kiasi gani, zinakatikia wapi. Akiulizwa nywele zake ni za namna gani, atajibu "ngumu", basi.

Unywele unaoonekana ni kitu kilichokwisha kufa. Kilicho hai ni mzizi, chini ya ngozi. Kilichochomoza nje ni protini iitwayo keratini, iliyofunikwa na magamba membamba yanayolaliana kama vigae vya paa. Magamba yakilala vizuri, unywele unang'aa na unyevu hautoki ovyo. Yakiinuka au yakimeguka, unywele unakwaruza, unakauka na kung'ang'aniana na wenzake. Kwa hiyo maneno ya "kulisha" na "kufufua" nywele yaliyoandikwa kwenye makopo yasimbabaishe mtu. Bidhaa zote za nywele, za elfu mbili na za elfu hamsini, zina kazi chache tu: kuondoa uchafu, kulaza magamba, kuzuia unyevu usitoke, kupunguza msuguano, au kubadili umbo na rangi kwa kemikali.

Nywele za kipilipili zina mambo yake. Kinyweleo kimepinda, na unywele ukikatwa na kutazamwa kwenye hadubini huonyesha umbo la duaradufu badala ya mviringo kamili. Mafuta yanayotolewa na ngozi ya kichwa huteremka bila shida kwenye nywele za singa, lakini kwenye kipilipili hukwama kona za mwanzo. Ndiyo maana mtu mmoja, siku moja, anaweza kuwa na utosi wenye mafuta na ncha zilizokauka kabisa. Kila kona ni mahali ambapo unywele unaweza kukatika, na chanuo likipitishwa zikiwa kavu, kona hizo ndizo zinazoachia kwanza.

Kasi ya kuota nayo ni tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta nywele za Waafrika zikikua kwa wastani wa takriban robo ya milimita kwa siku, huku za Wazungu zikikaribia milimita 0.4. Robo ya milimita kwa siku ni chini kidogo ya sentimita moja kwa mwezi. Anayeahidiwa inchi mbili kwa mwezi anauziwa ndoto. Nywele zinazoonekana "zimekua" baada ya kubadili matunzo, mara nyingi ni kwamba zimeacha kukatika, na kinachoota sasa kinabaki kichwani.

Wafuatiliaji wa mambo haya watajitambulisha kwa tarakimu: "Mimi ni 4C." Mpango huo wa namba na herufi ulitoka kwa Andre Walker, mtengeneza nywele wa Oprah Winfrey, miaka ya 1990. Namba 1 ni nywele zilizonyooka, 4 ni za kipilipili, na herufi huonyesha mkunjo umebana kiasi gani. Yeye mwenyewe aliishia 4B; 4C iliongezwa baadaye na wapenzi wa nywele asilia. Ni jedwali zuri la kueleza mkunjo, lakini mkunjo peke yake hausemi mtu apake nini. Wawili wenye 4C ileile wanaweza kuwa mmoja ana nywele nyembamba zilizotiwa rangi na mba juu yake, mwingine nene ambazo hazijaguswa na kemikali tangu azaliwe. Kuwapa kopo moja ni kubahatisha.

Mahali pa kuanzia hapana gharama. Baada ya kuchana, nywele zilizobaki kwenye chanuo zitandazwe juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha, kisha ziangaliwe mojamoja. Zenye kijidonge cheupe upande mmoja zimeng'oka kwa sababu muda wake umekwisha, na kupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku ni kawaida. Aliyekaa na rasta mwezi mzima asishtuke akifumua na kupata bonge: ni zile za kila siku, zilikuwa zimebanwa tu. Lakini vipande vifupi visivyo na kijidonge upande wowote vimekatika. Vikiwa vingi, tatizo liko kwenye unywele wenyewe au kwenye mkono unaouchana, na hapo kondishina ina kazi kubwa kuliko mafuta ya kukuza.

Jambo la pili la kuangalia ni jinsi nywele zinavyopokea maji. Kuna jaribio maarufu la kutumbukiza unywele kwenye glasi ya maji: ukielea, magamba yamefunga, ukizama, yamefunguka. Jaribio hilo halina maana sana, kwa sababu unywele wenye masalia ya mafuta utaelea tu, na hata uso wa maji wenyewe unaweza kuushikilia. Afadhali kuangalia siku ya kuosha. Nywele ambazo maji hutiririka juu yake kwa muda kabla ya kulowa, na zikilowa hazikauki hadi jioni, zina magamba yaliyobana. Mafuta mazito yatakaa juu yake kama mzigo. Zinazolowa mara moja na kukauka kabla mtu hajamaliza kunywa chai zimefunguka, mara nyingi kwa sababu ya dawa, rangi au moto wa pasi. Hizo ndizo zinazofaidi kondishina nzito, na mafuta ya kuziba juu yake.

Unene wa unywele mmojammoja nao una maana. Ukisugua unywele mmoja kati ya vidole na hausikiki kabisa, ni mwembamba, na siagi nzito za nywele zitaulaza chapati. Ukisikika kama uzi wa kushonea, ni mnene na utahimili vitu vizito.

Kisha kuna maji ya kuoshea, ambayo karibu kila mtu huyasahau. Mkazi wa Dar es Salaam anayetegemea kisima anayajua maji yanayokataa kutoa povu. Ni maji magumu, yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi. Sabuni ya mche ikikutana nayo hutengeneza utando, uleule unaoganda pembeni mwa beseni, na utando huo hukaa pia kwenye nywele. Mtu atabadili mafuta, atabadili kondishina, atabadili hata msusi, maji hata hayataji. Shampuu haigandi namna hiyo, na baadhi huwekwa EDTA, kiambato kinachoshika madini ya maji. Kwa asiye nayo, ndoo moja ya maji ya mvua ya kusuuzia mwisho inaweza kuleta tofauti iliyotafutwa kwenye makopo mangapi.

Sabuni ya mche ina shida nyingine. pH yake, yaani kipimo cha asidi na alikali, ni kati ya 9 na 10, wakati ngozi ya kichwa iko karibu na 5.5. Alikali hiyo huinua magamba, nywele zikatoka safi lakini zimefungana. Kizazi kilicholelewa kwa sabuni hiyo kilizoea kuona kuchana kichwa baada ya kuoga ni adhabu, kikadhani ndiyo tabia ya kipilipili.

Kuhusu kuosha, kuna pande mbili zinazokosea. Wapo wanaoosha kila siku kama nywele za singa, na wapo wanaokaa na rasta miezi miwili bila tone la maji kugusa ngozi ya kichwa, wakimwagia mafuta juu ya jasho na vumbi. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani hushauri nywele za Kiafrika zioshwe mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili, na kondishina itumike kila zinapooshwa. Shampuu ipelekwe kwenye ngozi, ambako uchafu uko. Kondishina ipelekwe kwenye ncha, ambako ukavu uko. Watu wengi hufanya kinyume, au hupaka vyote kila mahali.

Kondishina hudharauliwa mno Afrika Mashariki. Huonekana ni anasa ya saluni, wakati mafuta ndiyo yanayohesabiwa kuwa matunzo. Ukweli ni kwamba kwa nywele za kipilipili, kama fedha inatosha chupa moja tu zaidi ya shampuu, chupa hiyo iwe kondishina. Ina viambato vyenye chaji chanya vinavyonata kwenye sehemu za unywele zilizoharibika, ambazo zina chaji hasi, na kulaza magamba yake. Chanuo la meno mapana likipita wakati kondishina imo, kuanzia kwenye ncha kupanda juu, nywele zinazookolewa siku hiyo ni nyingi kuliko zitakazooteshwa na mafuta yoyote.

Tuje kwenye mafuta yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo mifuko inapotoboka. Mafuta hayaongezi maji. Kazi yake ni kuzuia maji yaliyomo yasitoke. Anayepaka mafuta ya mgando juu ya nywele zilizokauka anaufungia ukavu ndani, halafu kesho anapaka tena kwa sababu "zimekunywa yote". Utaratibu wenye akili ni kulowesha kwanza, kwa maji au kondishina isiyosuuzwa, kisha mafuta kidogo kuziba. Kwa hewa ya pwani, bidhaa zenye gliserini nyingi zinaweza kuvuta unyevu wa hewani mpaka nywele zikavimba na mtindo ukapotea. Mwenye safari ya Dodoma atashangaa chupa ileile ikifanya mambo mengine kabisa kwenye hewa kavu.

Katika mafuta ya asili, ya nazi yana sifa iliyopimwa. Mwaka 2003 watafiti wa India, Aarti Rele na R. B. Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini. Ni ya nazi peke yake yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa protini inayopotea kwenye nywele, yalipopakwa kabla ya kuosha au baada ya kuosha. Sababu waliyoitoa ni asidi ya lauriki: molekuli zake ni ndogo na zimenyooka, kwa hiyo hupenya ndani ya unywele badala ya kubaki juu. Msomaji anastahili kujua pia kwamba watafiti hao walikuwa wa Marico, kampuni inayouza mafuta ya nazi ya Parachute. Hata hivyo mabibi wa Mafia na Pemba, waliokuwa wakikuna nazi na kuchemsha tui mpaka mafuta yapande juu, hawakumngoja mtafiti. Walilopungukiwa pengine ni hili la wakati: mafuta hayo hufanya kazi nzuri zaidi yakipakwa saa chache kabla ya kuosha.

Mafuta ya nyonyo, ambayo wengine huyaita ya mbarika, yamepata jina kubwa miaka hii. Ni mazito, yananata, yanafaa kuziba ncha za nywele nene. Ushahidi thabiti kwamba yanaotesha nywele haupo. Kaskazini mwa Uganda kuna mafuta ya shea yanayotokana na aina ya mti iitwayo nilotica, laini kuliko shea ya Afrika Magharibi kwa sababu yana oleini nyingi. Huyeyuka haraka mkononi na hayaachi uzito mkubwa. Na Oman, ambako familia nyingi za Kiswahili zina ndugu, wanawake wamekuwa wakisaga majani makavu ya mkunazi na kuoshea nywele. Majani hayo yana saponini, inayotoa povu jepesi, kwa hiyo hiyo ni shampuu wala si dawa ya kukuza.

Kuhusu mayai na mayonesi kupakwa kichwani: protini ya yai ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele. Inayoweza kusaidia ni protini iliyovunjwavunjwa kiwandani, na hiyo nayo ikizidi nywele hukakamaa. Yai la nyumbani lingefaa chipsi.

Mbele ya kopo pana matangazo. Habari ziko nyuma, kwa maandishi madogo. Viambato hupangwa kwa wingi wake, kilicho kingi kikitangulia, isipokuwa vile vya chini ya asilimia 1 ambavyo mtengenezaji huweza kuvipanga apendavyo. Kama parachichi na asali zimechorwa kubwa mbele lakini nyuma zinatajwa mwishoni kabisa, baada ya manukato, ni tone tu la kunogesha jina. Orodha ikianza na "Aqua", bidhaa hiyo kwa sehemu kubwa ni maji. Ikianza na "Petrolatum" au "Paraffinum Liquidum", ni mafuta ya mgando au ya madini, hata pakiti ikitaja mimea kumi. Hayo si sumu na huziba vizuri. Kosa ni kuyalipia bei ya mimea. Majina yanayoishia na "cone" ni ya silikoni, inayopunguza msuguano na kuzikinga nywele na joto kiasi, ingawa baadhi huhitaji shampuu kuondoka. Na neno "Alcohol" lisimtishe mtu kila linapotokea: likitanguliwa na "Cetyl" au "Cetearyl" ni alkoholi ya mafuta, inayolainisha. Inayokausha ni ile ya "Alcohol Denat." ikiwa juu kwenye orodha.

Kuna pia kile kichoro cha kopo lililofunguka chenye namba na herufi M ndani, kwa mfano 12M: ni miezi ambayo bidhaa inafaa baada ya kufunguliwa. Makopo mengi ya juu ya kabati yamekwisha kuivuka. Tanzania, udhibiti wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Kenya kazi hiyo iko kwa shirika la viwango la huko, KEBS. Chupa isiyo na namba ya toleo, tarehe wala jina la mtengenezaji iachwe dukani, hata ikiwa na harufu ya peponi.

Kama bidhaa ni ya nje au ya hapa, ya kampuni kubwa au ndogo, si kigezo. Kampuni kubwa zenyewe zimeutambua utajiri wa vichwa vya Afrika Mashariki: mwaka 2013 L'Oréal ya Ufaransa ilinunua biashara ya vipodozi ya Interconsumer Products ya Nairobi, yenye Nice & Lovely. Miaka miwili baadaye, mjini humohumo, Michelle Ntalami akaanzisha Marini Naturals kwa ajili ya nywele asilia. Rafu zimejaa kuliko zamani, na hiyo ndiyo sababu ya kujua unachotafuta kabla ya kupanda daladala.

Dawa ya kunyoosha ni suala zito zaidi, maana haikai juu ya unywele. Huvunja vifungo vya ndani vinavyoupa umbo, na vilivyovunjwa havirudi. Dawa kali za zamani zilitengenezwa kwa sodiamu haidroksidi, ileile kostiki soda ya watengeneza sabuni. Zinazotangazwa kuwa hazina soda hiyo hutumia kalsiamu haidroksidi na guanidini, na wengi huzidhani ni pole. Mwaka 2019 watafiti wa Afrika Kusini, akiwemo Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Cape Town, walichapisha vipimo vya dawa za aina zote mbili, zikiwemo zinazotangazwa kuwa za watoto. Waliona zina pH ya kiwango kinachoweza kuunguza ngozi. Picha ya binti anayetabasamu kwenye boksi haipunguzi ukali wa kilichomo.

Ndani ya saluni mazungumzo huwa haya. "Anti, inawasha." "Vumilia kidogo mpenzi, bado haijashika." Kuwasha huko si dalili kwamba dawa inafanya kazi. Ni ngozi inayoanza kuungua, na jibu lake ni maji, papo hapo. Anayeamua kuendelea na dawa azingatie mambo ambayo wasusi wazuri huyajua: asikune kichwa siku za karibuni kabla ya kuiweka, asiiweke juu ya kidonda, ipakwe kwenye nywele zilizoota tu bila kurudia zilizonyooka, zipite wiki nane au zaidi kati ya awamu, na kichwa kioshwe kwa shampuu ya kuzima dawa mpaka alikali iishe.

Oktoba 2022 taasisi ya afya ya taifa ya Marekani ilitoa matokeo ya utafiti uliowafuatilia wanawake 33,497. Waliokuwa wametumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walikuwa na uwezekano zaidi ya maradufu wa kupata saratani ya mji wa mimba kuliko wasiotumia. Kwa hesabu za watafiti, hatari ya kuipata kufikia umri wa miaka 70 ilikuwa asilimia 1.64 kwa wasiotumia na asilimia 4.05 kwa watumiaji wa mara kwa mara. Utafiti wa namna hiyo huonyesha uhusiano. Hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, na watafiti hawakukusanya majina ya bidhaa. Lakini kwa mtu aliyekuwa akisita, ni sababu tosha ya kupunguza.

Rangi nyeusi ina hadithi yake pwani. Piko inayochorwa mikononi mwa bibi harusi, pamoja na hina, mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo kwa kifupi PPD. Hina halisi hutoa rangi ya machungwa hadi kahawia, kwa hiyo "hina nyeusi" inayoshika kwa nusu saa ina kitu kingine ndani. PPD inaweza kuleta malengelenge, na mwili ukishaikataa hauisahau. Mwanamke aliyewahi kuvimba mkono kwa piko asipake rangi nyeusi kichwani miaka kumi baadaye akidhani yamekwisha. Na kila anayetaka rangi apake kidogo nyuma ya sikio, asubiri saa 48.

Mba ndiyo mahali ambapo mafuta huharibu zaidi. Wengi huona unga mweupe, husema ngozi imekauka, hupaka mafuta; unga hutulia siku mbili, kisha hurudi kwa kishindo. Mba huhusiana na fangasi waitwao Malasezia, ambao huishi kwa kula mafuta ya ngozi. Kuwamwagia mafuta ni kuwaandalia karamu. Kinachosaidia ni shampuu yenye ketokonazoli au seleniamu salfaidi, iachwe kichwani dakika tatu hadi tano kabla ya kusuuzwa, jambo ambalo wengi hulikatisha kwa haraka ya kuondoka bafuni. Kwa mtoto mwenye mabaka ya mviringo yasiyo na nywele, yaani mapunye, shampuu wala mafuta havitoshi. Anahitaji vidonge kutoka kwa daktari, na vitana vya nyumbani vitenganishwe.

Baada ya kujua hayo, kujaribu bidhaa kunakuwa kazi nyepesi yenye nidhamu moja: kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati. Anayenunua shampuu, kondishina, siagi na mafuta mapya siku moja hatajua kilichomsaidia wala kilichomwasha. Pakiti ndogo za kujaribia ni rafiki wa mfuko. Kitu kipya kipewe mwezi mzima wa kuosha, na nywele za kwenye chanuo zitazamwe tena kwenye kitambaa kilekile. Vipande vifupi vikipungua, kopo hilo limepata mwenyewe, hata kama ni la bei ya chini kuliko yote rafuni.

Yapo matatizo ambayo hayaponi kwa kununua. Nywele za mbele zikianza kurudi nyuma, wengi hukimbilia mafuta ya kurudisha "kingo", wiki hiyohiyo wakasuka yeboyebo ya kubana mpaka macho yanavutika. Tafiti za Khumalo na wenzake zilizochapishwa mwaka 2007 zilikuta karibu theluthi moja ya wanawake waliochunguzwa Afrika Kusini wana upotevu wa nywele unaotokana na kuvutwa, na hata wasichana wa shule walikuwa nao asilimia 17. Ukigunduliwa mapema, msuko ukalegezwa, nywele hurudi. Ukiachwa miaka, vinyweleo hufa. Vivyo hivyo kwa kipara kinachoanzia utosini kikienea taratibu, ngozi ikibaki laini na kung'aa: hilo ni kovu, na kila mwezi unaotumika kujaribu mafuta mapya ni mwezi ambao vinyweleo zaidi vinapotea. Hapo anayehitajika ni daktari wa ngozi. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo tangu mwaka 1992 kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa ngozi, na hospitali kubwa za mikoa nyingi zina kliniki ya ngozi au hujua pa kumwelekeza mgonjwa. Anayekwenda atasaidika zaidi akibeba kwenye mfuko makopo yote anayotumia, yakiwemo yasiyo na lebo, na akifumua rasta kabla ya kuingia, ili ngozi ionekane.